Baba Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Wiki iliyopita tulimwacha Mercy mbele ya wajumbe wa Ngonga, ndani ya ghala la mpunga, kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, neno la kwanza bado halijatoka. Mlangoni alikuwa ameingia baba mkwe wake, Mzee Anangisye, ndani ya suti mpya, akaenda moja kwa moja kukaa kiti cha mbele.

Wiki nzima mmeniuliza, je, alisema?

Hakusema. Alitorokea dirishani.

Ndiyo, wajukuu zangu. Muuguzi aliyezalisha nusu ya watoto wa pwani hii ya ziwa, mwanamke anayeomba chama kimpitishe agombee ubunge, alijifunika kanga usoni, akawapa wajumbe mgongo, akapanda juu ya magunia ya mpunga na kurukia nje. Kanga ikanasa kwenye msumari wa dirisha, ikabaki inaning'inia pale kama bendera.

Wajumbe walicheka. Aliyecheka kuliko wote ni Hezroni, mpambe wa mbunge. Alicheka mpaka akaushika ukuta.

Kwa msomaji asiye wa huku Kyela nieleze kidogo, maana ataona Mercy ni mshamba. Kwetu mkamwana hakai pamoja na baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite. Mercy ameolewa na Lugano, mtoto wa mzee huyu, na watoto wao sasa wako sekondari, lakini hajasikia hata siku moja baba mkwe wake akimsemesha.

Na haya hiyo ni ya pande mbili. Baba mkwe naye, akikaribia mahali alipo mkamwana, hukohoa, ili mtoto wa watu apate nafasi ya kujisitiri. Ndiyo heshima yake. Ndiyo uzee wenyewe huo.

Huyu hakukohoa.

Vijana wa mjini wameanza kuilegeza mila hii, lakini wajumbe wanaopiga kura za maoni si vijana wa mjini. Ni wazee, na ni akina mama wa rika langu. Mercy angehutubia mbele ya mkwewe, wangesema hana haya, na kura zake zingeishia pale pale. Akitoka, hajasema kitu, na asiyesema kitu nani atamchagua? Hezroni ni mtoto wa Makwale, amekulia humu humu, aliujua mtego alioutega.

Nyuma ya ghala Mercy alikuwa amekaa kwenye rundo la pumba, goti linatoka damu. Mama mkwe wake, Tumpale, mfinyanzi wa vyungu wa Lyulilo, ndiye aliyemfuata.

"Amekaa?" akauliza Tumpale.

"Amekaa, mama. Kiti cha mbele."

"Alikohoa?"

"Hakukohoa."

Tumpale akatema mate kwenye pumba. "Suti ile aliniambia ni ya kanisani," akasema. "Nikampigia pasi mwenyewe."

Maskini Tumpale. Hakujua kwamba suti ilitoka kwa Ambrose, mbunge wetu, pamoja na ahadi kwamba akirudi bungeni mzee atakuwa mwenyekiti wa wazee wa wilaya nzima na atapanda gari kila mkutano. Kwa suti na kiti cha gari, mtu ameuza haya yake. Na haya haikuwa kitu pekee alichouza, kama mtakavyoona.

Msimcheke Mercy bado. Jimbo hili lina historia yake ya uchaguzi, na mimi nimeipigia kura yote.

Enzi za chama kimoja wagombea walikuwa wawili, mmoja anapewa picha ya jembe na mwingine picha ya nyumba, ili sisi tuliosoma madarasa machache tujue pa kutia alama. Mwaka mmoja mtu wa jembe alikuwa mwalimu, mtu safi kabisa. Wapambe wa nyumba wakapita mashambani wakinong'ona kwamba atakayechagua jembe amekubali kupelekwa kulima barabara ya Tukuyu. Tukakimbilia nyumba sote. Mwenye nyumba akaenda Dar es Salaam, akajenga nyumba. Yake.

Akaja mtu wa misiba. Huyo hakukosa msiba tangu Matema mpaka Songwe, analia kuwashinda wafiwa, mpaka anashikwa mikono na kupepewa. Tukasema huyu ana moyo. Alipoapishwa machozi yakakauka. Kipindupindu kikapita, tukazika wenyewe.

Vyama vilipokuwa vingi tukadhani tumepona, kumbe walioongezeka ni wadanganyaji tu. Hapo ndipo alipojitokeza mama mmoja, Tuntufye, mfanyabiashara wa mchele aliyevuka mto Songwe kila wiki kwenda kuuza Karonga, Malawi. Ana dada zake kule, kama tulivyo wengi wetu. Wanawake tulimtaka. Wakamwita Mmalawi, mtu ambaye kitovu chake kimezikwa Ngonga. Jina lake likakatwa, na waliolikata walikuwa wamevaa mashati waliyonunua Karonga.

Kisha Ambrose. Huyu kalamu yangu inamwandika shingo upande.

Tumpale na Mzee Anangisye walikuwa na binti, Anyisile, aliyeolewa kijiji cha wafinyanzi ng'ambo ya Lyulilo, kule kusikofika gari. Uchungu ulimshika ziwa limechafuka. Mercy alikuwa naye ndani ya mtumbwi, amemlaza mapajani, wanaume wanapiga kasia kuelekea hospitali. Hawakufika naye akiwa hai. Wala mtoto.

Kwenye mazishi Ambrose alikuja kuomba kura. Watu walikuwa wengi, na yeye ni mfupi. Akapanda juu ya kaburi. Nasema juu ya udongo wa kaburi la Anyisile, ungali mbichi, kwa sababu ndipo palipoinuka akaweza kuonekana. Na viatu vyake. Akanyoosha mkono ziwani, akaahidi boti ya wagonjwa.

Tukampa. Ndiyo, tulimpa, na mpaka leo boti hatujaiona. Tumeona picha yake kwenye kalenda aliyotugawia.

Kwa ajili ya boti hiyo Mercy anautaka ubunge. Hana jingine. Na Mzee Anangisye, baba wa marehemu, ndiye aliyevaa suti ya Ambrose kwenda kumfunga mdomo. Sasa mmejua kingine alichouza.

Turudi mbio.

Mkutano uliofuata ulikuwa Makwale, kwenye uwanja wa kuanikia kakao. Tumpale alikuwa amekaa na kufikiri. Alifika mapema na kamba na kanga zake mbili, akazitundika kati ya miti kama pazia. Mercy akakaa nyuma ya pazia. Mzee akija, mkamwana hamwoni, wala yeye hamwoni mkamwana. Sauti tu inapita. Haya imekaa salama, na wajumbe wanasikia.

Mzee akaja kweli, ndani ya gari la Ambrose. Akakaa kiti cha mbele.

Mercy akaanza kusema. Alisema habari za wajawazito wa kule kwa wafinyanzi, wanaofungwa kitambaa kinywani ili wasipige kelele mtumbwini. Hakupandisha sauti. Uwanja ukatulia. Mama mmoja akafuta macho. Mjumbe mzee akasema kwa Kinyakyusa, ndaga mwanangu, ndaga, yaani ahsante, endelea.

Hezroni akaona maji yanazidi unga. Akamwinamia mzee sikioni.

Mzee Anangisye akasimama. Akachukua kiti chake mkononi. Akalizunguka pazia taratibu, akaenda kukiweka upande wa pili, upande aliokuwa Mercy, akakaa.

Watu walishtuka kwa sauti moja. Mercy alipiga magoti, akajikunja mpaka paji la uso likagusa kakao, kisha akatambaa kwa kinyumenyume mpaka akapotelea migombani. Mama wa watu, anatambaa.

Mnadhani wajumbe walimkemea mzee? Waliinamisha vichwa. Nyuma ya uwanja sufuria za wali na nyama za Hezroni zilikuwa zinachemka, na harufu ilishawafikia. Walinuna, wakala. Niliwaona wakilamba vidole.

Jioni ile Mercy alimwambia mumewe Lugano kwamba anaacha. Lugano hakumzuia. Alisema tu kwamba yeye kwa baba yake hataweza kupeleka mdomo, maana ni baba. Wanaume wetu ndivyo walivyo, ushujaa wao unaishia kwenye mlango wa baba. Tumpale alikuwa jikoni akisikiliza. Kesho yake, siku ya soko, alibeba vyungu vyake akaenda Lyulilo kama kawaida.

Na Lyulilo ndiko Ambrose alikokuwa na mkutano wake mwenyewe.

Sikilizeni vizuri hapa. Hezroni siku hiyo hakuwepo. Alikuwa amebaki Makwale kununua ng'ombe wa mkutano mwingine. Ambrose akaja na dereva, na katibu wa chama, Bwana Samsoni, na Mzee Anangisye kiti cha mbele cha gari. Ambrose amezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Alichokuwa amekiona ni kimoja tu, kwamba huyu mzee akitokea, Mercy anakimbia. Akamfanya hirizi. Akataka kukaa naye kila mahali.

Aliposhuka alisalimia wauza samaki kwa mkono, ugonile mama, ugonile, kwa Kinyakyusa cha kukariri, na kila baada ya mikono michache anaunyoosha wake nyuma ya gari dereva ammiminie maji. Alidhani hatuoni.

Wajumbe wa Lyulilo karibu wote ni akina mama wa vyungu na wa usipa, dagaa wa ziwa letu. Walikuwa wameshakaa chini ya turubai, wamejaa. Ambrose akapanda jukwaani anatabasamu, akamvuta mzee kwa mkono, akamketisha kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa.

Wa kwanza kusimama ni Anyes, muuza usipa. Akavuta kanga kichwani, akainama, akaondoka kuelekea majini.

Akafuata jirani yake. Akafuata mwingine. Kisha benchi zima.

Ukoo wa Mzee Anangisye una wanaume wengi, na wameoa pale pale ufukweni tangu zamani. Wake za watoto wake, wake za watoto wa kaka zake, wake za watoto wa wadogo zake. Kwa hao wote yeye ni baba mkwe. Mtu aliyekulia humu asingethubutu kumweka mzee yule jukwaani Lyulilo siku ya soko. Hezroni asingethubutu.

Soko likahama. Wengine waliingia migombani, wengine wakasukuma mitumbwi wakaenda kuelea mbali kidogo, wamegeuza migongo. Vyungu vikabaki mchangani safu kwa safu, vimefungua midomo, vinamsikiliza mheshimiwa.

"Wanakwenda wapi hawa?" Ambrose akamuuliza katibu, kipaza sauti kikiwa wazi.

Samsoni akamweleza chini chini. Kipaza sauti kikatuletea yote mpaka kwenye mitumbwi, maana hata mimi, japo si mkamwana wa ukoo ule, nilikuwa nimedandia mmoja. Tukasikia Ambrose akisema basi mzee ashuke upesi akakae garini.

Mzee Anangisye akakunja mikono. "Mliniita nikae mbele," akasema. "Nimekaa."

Ziwa lilicheka. Mitumbwi ilikuwa inatikisika.

Akidi haikutimia, Samsoni akaufunga mkutano. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyebaki sokoni. Tumpale. Yeye ni mke, hana wa kumkimbia. Alikuwa amekaa katikati ya vyungu vyake, miguu ameinyoosha.

"Mheshimiwa," akaita, bila kusimama. "Boti iko wapi?"

Ambrose akatafuta uso wa kuvaa. "Mama, mchakato unaendelea."

"Anyisile naye anaendelea kulala pale ulipomkanyaga."

Hakuna aliyecheka tena. Ambrose aliingia garini bila kuosha mikono. Mzee Anangisye akabaki kwenye kile kiti chenye kitambaa, peke yake, anatazama viatu vyake vipya. Akashuka, akaondoka kwa miguu. Wanawake walipomwona anapita kandokando ya maji, suti imeingia mchanga, wengine walimhurumia.

Na mimi nilimhurumia. Nilisema moyoni, sasa haya imemrudia, leo atakwenda kumwomba radhi mkewe.

Nilikosea, wajukuu zangu. Mtu akishaonja kiti cha mbele si rahisi kushuka.

Habari za Lyulilo zilimfikia Mercy akiwa kazini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ngonga. Alienda kurudisha fomu yake Kyela mjini siku ya mwisho, kichwa juu. Wafinyanzi walimsindikiza wakiimba. Walikuwa wanaiona boti.

Walipokuwa wanatoka ofisini, Hezroni alikuwa anaingia. Amemshika mkono Mzee Anangisye, kama bibi harusi.

Mzee alichukua fomu, akajaza, akarudisha hapo hapo kabla mlango haujafungwa. Mgombea.

Mnaona mtego ulipo? Kwa utaratibu wa chama, fomu zikishapokelewa, mgombea hana mkutano wake peke yake. Wagombea wote wanazungushwa pamoja kata kwa kata, jukwaa moja, benchi moja, gari moja. Asiyepanda gari la chama amejitoa mwenyewe.

Akipanda na baba mkwe, wajumbe wanasema hana haya. Asipopanda, jina linafutwa. Hezroni alikuwa amefunga milango yote, na safari hii hakuacha dirisha.

Asubuhi ya kuondoka watu walijaa mbele ya ofisi. Wanawake wote wa ukoo walikuwa upande wa pili wa barabara, kanga kichwani, wamegeukia ukuta, kwa sababu mzee alishapanda mapema na alikuwa ametulia ndani karibu na dirisha. Ambrose alikuwa amechukua kiti cha pembeni ya dereva. Nyuma, Hezroni alikuwa amepanga mabegi na maboksi ya maji mpaka juu. Kilibaki kiti kimoja. Kilikuwa kimegusana na cha mzee.

Samsoni aliusoma utaratibu, macho yako kwenye karatasi tu, kisha akamwambia Mercy kwamba gari linaondoka, tafadhali aamue.

Mercy alisimama mlangoni mwa gari, amejifunika mpaka puani, anatazama chini. Mimi nilikuwa karibu.

Ndipo mzee akakipigapiga kile kiti kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemwita paka.

"Panda, mke wa Lugano," akasema. "Tunachelewa."

Maneno yake ya kwanza kwake tangu aingie kwenye ukoo. Kuna mama aliziba masikio. Samsoni karatasi ilimdondoka. Hata Hezroni alitazama pembeni.

Tumpale alikuwa amesimama nyuma ya Mercy. Hakumwambia panda, hakumwambia acha. Alinyoosha mkono tu, kiganja wazi.

Mercy akaivua kanga kichwani. Akaikunja vizuri, mara mbili, akaiweka kwenye kiganja cha mama mkwe wake. Akainua mguu mmoja, akauweka kwenye kipandio cha gari. Kisha akainua uso, na mbele ya Kyela nzima akamtazama Mzee Anangisye machoni.

Alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayesema uongo.

Wiki iliyopita niliwaachia mdomo wazi. Leo nawaachia mguu mmoja kwenye kipandio, na wa pili bado uko kwenye vumbi. Lakini kabla sijaweka kalamu chini, lazima niseme nilichokisikia kutoka ndani ya gari lile, kwa masikio yangu haya.

Mzee alikohoa.